Shusha Mikono, Picha Inachafuka

Sanduku la posta ni lile lile,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Dada,

Anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote wanaovaa viatu katika mji huu, na bahati yenyewe nitakusimulia mpaka wino unikimbie. Lakini salamu kwanza, usije ukasema Kasuku wako amepoteza adabu ugenini. U mzima? Magoti yanasemaje siku hizi? Shemeji bado anakoroma kama jenereta, au umeshamhamishia sebuleni? Na wapwa zangu, wamerefuka au wamenenepa tu? Mimi ni mzima wa kula, wa kutembea na wa kusema, na hilo la mwisho najua hulitilii shaka.

Sasa bahati. Ile nyumba niliyokudokeza, yenye ngazi pana na madirisha yanayotazama bustani, ndiko ninakokaa. Wenyewe walinipenda tangu siku niliyoingia na ndoo zangu za rangi. Mama mwenye nyumba akimimina chai, kikombe changu ndicho cha kwanza. Kuna kitoto chao cha kike chenye mapengo mbele, kinaniita Babu Rangi. Nikirudi kazini kinanikimbilia mlangoni, nakirusha juu mpaka kinagusa dari, na dari yenyewe nimeipaka mimi kwa mkono wangu, rangi ya maziwa. Nyumba imejaa watu, sindano haina pa kuangukia. Nikitaka kuwa peke yangu inabidi nijifungie bafuni.

Utauliza kwa nini sikupigi simu nikueleze haya yote. Dada, kwenye simu unanikatiza. Bahati kubwa namna hii inataka karatasi.

Jambo la pili: siku hizi nafundisha chuo. Usicheke! Mimi huyu niliyeachana na shule ya msingi kwa ugomvi, nafundisha watu wenye makoti meupe. Unakumbuka ile betri yangu ya moyo, iliyowekwa chini ya mfupa wa bega la kushoto. Kutoka hapo kuna waya mwembamba unaoteremka hadi ndani ya moyo. Moyo ukisinzia, betri inaukumbusha kazi kupitia ule waya. Waya ukiharibika, betri iwe mpya namna gani, ni sawa na swichi katika nyumba isiyo na umeme. Basi hospitali yetu ina wanafunzi wanaojifunza kuzipima hizo nyaya, na mwalimu wao alikuwa anatafuta mgonjwa mwenye subira wa kujifunzia. Niliinua mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Mwalimu huyo nimempa jina Mama Kimya. Anauliza swali moja, halafu ananyamaza mpaka ukuta wenyewe uone haya. Ana utaratibu wake. Mwanafunzi akishapima, anakaa kitini na kusimulia yote aliyoyafanya kwa mdomo wake, bila kujitetea. Nimeona nini, nimefanya nini, nini kimenipita, siku nyingine nitafanyaje. Wanaita kujitafakari. Sisi wa rangi tunaita kurudi kuutazama ukuta ukishakauka.

Wagonjwa wengine wakimalizwa wanavaa shati wakiwa wanakimbia. Mimi huomba nibaki. Wanadhani napenda elimu, na mimi nawaacha wadhani. Chumba kina joto, kuna watu, na mwisho wa yote wananigeukia: "Na wewe, baba, ulijisikiaje?" Siku ya kwanza nikawasifia rangi ya ukuta wao, mimi mwenye mdomo huu! Swali hilo huwa naondoka nalo mpaka kituo cha basi.

Safari iliyopita ilikuwa zamu ya binti mmoja mwenye miwani mikubwa kama vioo vya pikipiki. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikamwambia, "Binti, unataka kuniua kabla hata ya mashine?"

"Baba, ukinichekesha nitakosea," akasema.

Akaniwekea kidude cha duara cha mashine yao juu ya betri, mistari ya moyo wangu ikatokea kwenye kioo, akanieleza kwamba ataukimbiza moyo kidogo, kisha atapunguza nguvu polepole aone ni wapi moyo unaacha kuifuata betri. Nikamwuliza kama ana leseni ya kukimbiza. Akacheka, miwani ikateleza hadi puani.

Sasa mimi kulala kimya kitandani siwezi. Nikaanza kumsimulia nyumba yetu, na kile kitoto, na ninavyokirusha. Na unanijua, ukinifunga mikono umenifunga ulimi. Mikono ikapaa.

"Baba, shusha mikono, picha inachafuka."

"Picha yangu haijawahi kuchafuka, binti. Mimi ni mtu wa sura."

"Baba, tafadhali."

Nikaiweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri hukumu. Ile mistari kwenye kioo cha mashine ikanyooka, ikapendeza, ungeweza kuitia fremu. Akapima, akamaliza, akaniambia waya wangu uko salama. Nikampigia makofi.

Mama Kimya akavuta kiti. "Haya. Tangu alipoingia."

Binti akaanza. Alisahau kupasha mikono joto, akaomba radhi, tukacheka. Akaeleza nguvu alizotumia na alivyozipunguza, akafika pale. "Kisha baba akawa anasimulia, mistari ikachafuka, nikamwomba ashushe mikono, ikatulia, nikaendelea."

Mama Kimya akafanya kazi yake ya kunyamaza. Nje kikapita kitoroli cha mashuka, magurudumu yanalia. Binti akavua miwani.

"Mwalimu," akasema, "nilitaka picha nzuri."

"Halafu?"

"Nikaipata. Lakini baba sikumpima."

Dada, hakuna aliyefoka. Nilidhani binti atalia, au ataisingizia mashine. Mimi ningeisingizia mashine, na ningeanzia kwa aliyeichomeka ukutani. Yeye alisimama tu, akapasha mikono joto kwa kuisugua, akaniambia, "Baba, naomba urudi kitandani. Turudishie ile hadithi. Na mikono yake."

Nikalala tena. Sijui kwa nini hadithi niliyoisimulia kwa raha dakika chache nyuma ilikuwa nzito kama ndoo mbili. Nikasema, basi, natokea kazini, kitoto kinakuja mbio. Nikainua mikono nikakirusha. Mistari ikawa kama kuku amepita kwenye rangi mbichi. Nikashusha mikono, ikanyooka. Nikainua, ikachafuka. Binti akanishika kiganja akaniambia nimsukume, nikamsukuma, ikachafuka zaidi.

Mama Kimya alinieleza polepole. Waya umechubuka mahali fulani karibu na bega, pengine kwa miaka yote hii ya kupaka dari mkono ukiwa juu. Nikiinua mkono, waya unatoa kelele. Betri inaisikia ile kelele, inadhani ni moyo wenyewe unapiga, basi inatulia. Na moyo nao unasubiri kukumbushwa.

"Ukikirusha kitoto," akaniuliza, "kichwa hakizunguki?"

"Hata kidogo," nikajibu.

Binti Miwani akanitazama. Hakusema kitu. Ameshaanza kufanana na mwalimu wake.

Usishtuke, wataniwekea waya mpya. Kwao ni kazi ya kawaida, kama mimi na mlango mmoja. Wamenikataza kupanda ngazi, kwa hiyo ngazi yangu sasa inalala chini ya kitanda kama mgonjwa mwenzangu. Ila wana sharti moja. Niende na mtu wa nyumbani. Siku za mwanzo mkono wa kushoto hautakiwi kupita bega, hata kuvaa shati ni kazi ya watu wawili, na mtu huyo wanataka wamwoneshe dalili za kutazama. Bila mtu hawanipangii siku, na bila waya mpya nisiulize kitakachotokea. Nikawacheka. Mtu mmoja? Nitawaletea basi zima!

Binti Miwani akasema anamtaka mama wa kitoto. Azungumze naye mwenyewe. Ameshanipigia simu: "Baba, mama anakuja lini?" Nikamwambia ana mafua. Akapiga tena. Nikamwambia mafua yamehamia kwa baba mwenye nyumba. Akaniuliza, "Na wewe, unajisikiaje?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Leo nyumba imetulia kidogo. Wametoka, Jumapili watu hutoka. Huku Jumapili ni siku ndefu kuliko nyingine, sijui nani aliipima. Nimefua shati, nimelianika, nimelitazama likikauka.

Tuyaache hayo. Nilikuwa nafikiri tu, si lazima, nauliza kama mtu anavyouliza bei bila nia ya kununua: likizo yako ya mwaka huu umeshaichukua? Wewe tangu uolewe huko hujaniona nilivyopendeza. Ungekuja ukauona mji, una mataa mazuri, una mabenchi. Ungelala kitandani, mimi sakafu naipenda, ni nzuri kwa mgongo. Chai ningepika mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kama haiwezekani, elewa kwamba hakijaharibika kitu.

Nisalimie shemeji, mwambie deni la mchezo wa karata nalikumbuka, na yeye ndiye anayedaiwa. Nisalimie wapwa zangu wote, na yule wa mwisho anayeogopa paka mwambie hata mjomba wake aliogopa, akapona. Msalimie mama mkubwa, mwambie blanketi alilonishonea halijatoboka. Na yule jirani yako fundi cherehani aliyesema sitafika popote, mwambie nimefika.

Mungu akulinde ukilala na ukiamka, akulainishie magoti, akuzidishie watu wa kukuita jina lako ndani ya nyumba.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bila siku ya mapumziko,

Kasuku

N.B. Bahasha nilishaifunga kwa mate, nimeichana. Nimekaa kitini kama yule binti. Haya, tangu nilipoingia.

Nyumba ile niliipaka rangi tu. Nilipomaliza walinilipa, wakanishukuru vizuri, wakafunga mlango. Kile kitoto kiliniita Babu Rangi mara moja, kikiwa kwenye ngazi pana, na sijawahi kukigusa. Ninakaa chumba cha juu nyuma ya duka la vioo. Kichwa kinazunguka, dada. Nilikuwa natundika pazia, mkono juu, nikajikuta sakafuni, nikalala pale nikiangalia chini ya kitanda mpaka nilipoweza kuinuka. Hakuna aliyegonga mlango kuuliza ni nini kimeanguka. Simu sikupigi kwa sababu sauti yangu unaijua.

Sina mtu wa kwenda naye hospitali. Ile bahati yote ni uongo.