Udongo wa Mara ya Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Ummi Jumbe. Umri: miaka 48. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Bellevue, Johannesburg. Mzaliwa wa Tanga, Tanzania. Mjane.

Mimi si mtu wa siasa. Marehemu mume wangu, mzaliwa wa huku aliyerudi kutoka uhamishoni Tanzania, alizifanya za kututosha sote wawili.

Wael ni mwanafunzi Mpalestina, mpangaji wangu. Mnamo tarehe 9 Aprili 2002 alipigiwa simu kutoka kwao Nablus kwamba mdogo wake ameuawa kwa risasi. Jeshi la Israeli lilikuwa limekataza watu kutoka nje, hata kwenda makaburini. Ndugu zake walimfukia uani, karibu na jiko.

Jumamosi tarehe 13, saa nne asubuhi, Wael na vijana wenzake Wapalestina waliandamana katikati ya jiji kupinga jeshi kukalia nchi yao. Walibeba jeneza tupu. Kitambaa cha kulifunika nilikishona mimi. Nikafuata nyuma, maana kwetu msibani mtu hangoji kualikwa. Vijana wa hapa walitupokea kwa toyi-toyi, ile ngoma ya maandamano ya huku, lakini Wael hakuimba.

Kwenye robot, yaani taa za barabarani, barabara ilikuwa imechimbwa kupitisha mabomba. Wakatua jeneza kando ya shimo. Wael akachota udongo kwa viganja, akautia shimoni. Akachota tena, akautia. Nilimsikia akisema yale maneno ya makaburini. Sisi Waislamu ukimzika mtu wako unamtilia udongo mara tatu. Alipoinama mara ya tatu askari mmoja wa polisi akapiga kelele, "Anaokota jiwe!" Wakamlaza kifudifudi, wakamtia pingu.

Nikamwambia yule askari, "Eish, mwanangu, mfungue viganja uone. Anazika huyo."

Akanijibu, "Mama, kaburi liko wapi?"

Nililia pale pale barabarani.

Jiwe halikuwapo. Nasikia atashtakiwa kwa kuwarushia askari mawe, na akitiwa hatiani atafukuzwa nchini. Afukuzwe aende wapi?

Jana mliponiruhusu kumwona, hakuniuliza habari za wakili. Aliniuliza kama udongo wa mara mbili unamtosha maiti. Nikamwambia unamtosha. Kwa kuwa mmeniapisha, naungama kuwa huo ndio uongo pekee niliousema tangu Jumamosi. Mengine yote niliyoyaeleza hapa ni kweli, na ndiyo ninayoyatilia saini.

(Saini) Ummi Jumbe
15 Aprili 2002

Maelezo yametolewa kwa Kiswahili, mkalimani akiwa Gustave Kasongo. Shahidi amesomewa, hakubadilisha neno. Mtuhumiwa bado yumo mahabusu.
(Saini) Inspekta Nomsa Mabuza