Pumzi Zilizofutwa kwenye Albamu ya Baba

Buruburu, Nairobi
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba baridi ya Wundanyi haijakurudishia yale maumivu ya magoti. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tafadhali uketi jikoni peke yako, na Baba akiuliza, mwambie unachambua mboga.

Najua utashangaa kuletewa barua siku hizi za simu. Simu yako, Mama, anaipokea yeye. Hata ukiwahi kuipokea wewe, atataka uweke sauti ya juu asikie habari za Nairobi, na kabla hatujamaliza salamu ameshaingilia kuniuliza wiki hii nimemkosoa nani. Ndiyo maana nimempa binamu Mghoi bahasha hii na kumwapisha aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Kazi yangu unaijua, ingawa najua majirani bado wanakuuliza kama kweli Wakesho analipwa kusikiliza muziki. Kila Jumamosi alasiri nacheza albamu mpya za jazi redioni na kusema nilivyoziona, za wakongwe waliosahauliwa na za wale ambao bado hawajulikani. Wiki hii nina tatu. Ya kwanza ni ya mzee mmoja wa hapa hapa Buruburu, mpiga piano, ambaye amezigeuza nyimbo za kanisani kuwa jazi. Vidole vyake bado vina akili, lakini amerundika vinanda vingi nyuma yake hadi piano yenyewe inaomba njia. Nitamwambia hivyo, na akinikuta sokoni ataninunia.

Ya pili ni ya binti wa Dandora anayeitwa Atieno, mpiga tarumbeta. Amerekodi dirisha likiwa wazi, unasikia malori ya taka yakipita kuelekea jalalani. Mahali pawili amekosea na hakurudia. Nimempenda kupita kiasi, Mama. Kabla ya kila kipande unamsikia akivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kusema jambo zito, halafu kweli analisema.

Ya tatu ni ya Baba. Aliituma na ujumbe mfupi, kwamba nimseme kama ningemsema mtu baki, na nikimwonea huruma atajua.

Ni albamu nzuri, na siandiki hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Saksafoni yake bado ina ile sauti ya mtu anayeongea polepole kwa sababu hana haja ya kumshawishi mtu. Wimbo wa tatu, ule anaouanza peke yake bila ngoma, niliusikiliza nimesimama. Lakini nilipoumaliza nilihisi kuna kitu hakipo, na sikujua ni nini. Nikarudia. Nikaweka ya Atieno, kisha nikairudisha ya Baba. Ndipo nikatambua kwamba Baba havuti pumzi.

Kila anayepuliza ala husikika akivuta hewa, Mama. Tangu nikiwa mdogo yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza, akisema pumzi nayo ni sehemu ya wimbo na asiyeisikia amesikia nusu. Katika albamu hii yote sikusikia hata moja. Vipande vimekuwa vifupi, na kati yake pamesafishwa kama sahani. Angeacha hata akakohoa humo ndani, ningedhani ni moshi wa jalala la Dandora, alikorekodi. Kule kufuta ndiko kulikonishtua.

Nikaenda Dandora kwa fundi aliyemrekodi, kijana anayeitwa Kevo, ambaye studio yake ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani. Unakumbuka Baba alipokuja kukaa kwangu majuzi, akawa anatoka kila asubuhi na saksafoni yake akisema anaenda kupiga gumzo na wanamuziki wenzake? Alikuwa kwa Kevo. Nilimuuliza Kevo kwa nini amefuta pumzi. Akajikuna kichwa, akanipa kiti.

"Buda alinishow nisikuambie, sistee," akasema, akimaanisha Baba. "Lakini pumzi ilikuwa inamkataa. Tulikuwa tunarekodi kidogo, anapumzika, tunarekodi kidogo."

Nilimwomba anichezee mkanda kama ulivyokuwa kabla haujakatwa. Mama, sijui nikuandikie vipi. Anapiga mistari miwili, anakohoa, kiti kinalia anapoketi, halafu kimya kirefu huku akitafuta hewa. Ukiusikiliza hivyo, wimbo wa tatu ule si wimbo mmoja. Ni vipande vipande vilivyoshonwa na Kevo. Na baada ya kikohozi kimoja kirefu nikasikia sauti ya Baba, karibu kabisa na maikrofoni.

"Futa hapo, kijana. Binti yangu ana masikio."

Nililia mbele ya Kevo, na sikuona haya.

Tangu siku hiyo najikumbusha mambo na kila moja linaniogopesha. Alipokuwa kwangu alilala ameegemea mito, akalisingizia godoro langu kuwa bovu, nami nikamtania kuwa uzee umemfanya mtu wa anasa. Na ngazi za hapa unazijua. Kila ghorofa alisimama akawasalimia majirani, akawauliza watoto wao wanasoma wapi, hadi watu wote wa jengo hili wakanisifia kuwa nina baba mwenye adabu. Kumbe alikuwa anapumzika. Na wewe, Mama, unaona nini? Bado anapuliza asubuhi nyuma ya nyumba, au siku hizi anaipangusa tu ile saksafoni na kuirudisha? Miguu yake imevimba? Mimi si daktari, sijui kama ni mapafu au ni moyo. Najua tu kwamba nikimpigia simu na kumuuliza atacheka, na ukimtajia hospitali atakumbuka ghafla kuwa kuna ng'ombe wa kukamuliwa.

Kwa hiyo nimepanga hivi, na nakuomba unisaidie.

Jumamosi mtaketi kunisikiliza kama kawaida, redio ya simu ikilia ndani ya lile bakuli la udongo ili sauti ikue. Nitaanza na mzee wa piano, kisha Atieno, kisha Baba. Nitamsema kama mtu baki, alivyotaka. Nitausifu wimbo wa tatu, na nitasema wa tano umechoka, kwa sababu umechoka. Kuhusu ugonjwa sitatamka neno hewani, hayo ni ya nyumbani.

Halafu nitacheza wimbo wa mwisho. Kevo alifuta pumzi zote kasoro moja, ambayo hata mimi niliigundua baadaye. Saksafoni ikishanyamaza, sekunde za mwisho kabisa, imebaki pumzi ndefu yenye mluzi mwembamba ndani yake. Hakuiona kwa sababu kwake muziki ulikuwa umeisha. Nitawaambia wasikilizaji wasikilize hadi mwisho, na nitaiacha isikike yote. Sitaongea juu yake.

Msalimie sana mjomba Mwakio, na umwombe gari lake lisitoke Jumamosi, lishinde uani kwetu. Mpe salamu shangazi Malemba, umwambie ng'ombe jioni hiyo watakamuliwa na yeye. Dada yangu Mkamburi msalimie pia, na akuwekee nguo za Baba kwenye mkoba mapema, auweke nyuma ya mlango.

Pumzi ile ikisikika, Mama, usitazame bakuli. Mtazame yeye. Atajua kuwa nimesikia, na hatakuwa tena na sababu ya kuificha. Usimuulize kitu. Mpe koti lake, mshike mkono.

Nami nikitoka studioni nitaanza safari ya kuja kuwakuta huko huko hospitali.

Mtoto wako anayekupenda,
Wakesho