Soude ya Trésor na Bongo ya Cobaye

Lundi 12 mai
Nimesaga tena mu labo bongo ya cobaye, zile panya nono bantu wanakulaka. Mikono inanuka. Miye na Trésor tunapima namna dawa ya mafua, ile ya zamani yenye kulalisha bantu, inashika vipokezi vya histamine mu bongo. Leo haikushika. Iliingia, ikazunguka, ikatoka, sawa mugeni mwenye kukosea nyumba.
Jeudi tunaonyesha professeur matokeo. Samedi familia ya Trésor inakuja kwetu Katuba kuniomba ndoa. Tulipanga vibaya.

Mardi 13 mai
Bure tena. Trésor anasema cobaye zilikuwa zimezeeka. Miye nasema ni solution yake, yale maji ya kuchanganyia, njo mbaya. Alikasirika. "pH iko saba nukta tano, angalia mwenyewe." Niliangalia. Iko saba nukta tano kabisa. Hiyo ilinikasirisha zaidi.

Mercredi 14 mai
Hatusemeshani. Mama aliniuliza kama Trésor anapenda kuku ao samaki. Nilijibu sijui. Mama alinitazama sana tumbo, kama kuna mimba.
Mchana nilijificha nyuma ya armoire ya labo, ile kabati ya chupa, nimuone akitengeneza solution. Alitia acide ya kushusha pH. Ikapita. Akatia soude ya kuipandisha. Ikapita. Acide. Soude. Tena acide. Ulimi inje, kama mama mwenye kuonja mboga. Mwishoni ikafika sawasawa, akatabasamu.
Nilielewa. Acide na soude vikikutana vinazaa chumvi. pH iko sawa, lakini sodium imejaa, na sodium inazuia dawa isishike. Tulikuwa tunapima dawa mu supu.
Nilitoka nyuma ya armoire. Trésor alipiga kelele. Chupa ilianguka.
"Umetia chumvi," nilimwambia.
"Sijatia hata punje."
"Umeizaa."
Alifikiri. Akakaa chini.

Jeudi 15 mai
Solution mupya, tone kwa tone, soude nilishika miye. Dawa ilishika. Trésor alicheza kati ya meza za labo.
Nilitaka tufiche ile supu. Yeye alimwambia professeur yote, hata ulimi. Professeur akasema: "Sasa mutie chumvi kwa makusudi. Kidogo, katikati, mingi. Mupime namna inazuia dawa: hiyo njo kazi yenu."
Nilimupenda Trésor sana pale. Sikumwambia.

Samedi 17 mai
Bantu wengi. Kwabo ni Bakasai, kwetu ni ba kaskazini, bantu wasiopendana sana, kila mumoja anakatiza mwingine. Noko ya Trésor, mjomba yake, aliuliza tunafanyaka kazi gani. Trésor alieleza bongo, dawa, chumvi.
Tantine yangu, dada ya mama, akauliza: "Na ile nyama ya cobaye, munaipeleka wapi?"
Trésor alisema tunaichoma moto mpaka majivu.
Noko alitikisa kichwa. Tantine alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza familia mbili zilisikilizana: kuchoma nyama nzuri vile ni hasara kubwa. Baada ya hapo yote ilienda mbio. Walikubali tuoane.

Dimanche 18 mai
Baridi. Trésor alikuja turudishe viti tuliazima jana kwa majirani. Tulibishana nani abebe vingi. Vilipobaki viwili, tulikaa juu yake, mu jua. Hakuna mwenye alisimama.