Tarumbeta la Baba Yako na Mdomo wa Meneja

Nyumbani,
chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko imepungua makali au bado unalala na soksi? Na unakula? Sema kweli, maana kwenye ile picha yako ya mwisho mashavu sikuyaona. Sisi huku wazima. Mgongo wa shangazi yako unalalamika kama kawaida, lakini mgongo wa mshona nguo usipolalamika ujue amekosa wateja.

Sasa kaa chini, nina habari. Sikutaka kuzisema kwenye simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Jipu la ufizi wa baba yako limepona. Limepona kabisa! Nakuandikia huku nacheka peke yangu, hata wifi yangu, yaani mama yako, amechungulia mlangoni kuona kama niko salama.

Najua ulivyoumia. Uliposema baba asipopuliza tarumbeta siku ya harusi yako huingii ukumbini, niligeuza mazungumzo. Siku ileile daktari wa meno alikuwa ametuambia kwamba usaha ukiingia kwenye mfupa wa taya, mambo ya kupuliza yatakuwa yamekwisha. Vidonge vya kwanza havikusaidia, vya pili navyo vikapita kama maji. Baba yako, na maneno yake yote yale, akalifungia tarumbeta sandukuni, akaniambia nikutafutie mpulizaji mwingine. Niliingia humu ndani nikalia.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa maabara, mchangamfu, miwani inaning'inia shingoni. Alichukua usaha kwa kijiti chenye pamba, akawaotesha bakteria waliomo, akawajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine. Kumbe vile vidonge walikuwa wanavitazama tu! Wamekwisha kuwa sugu. Halafu akauliza: mdomo wa huyu mzee unakutana na mdomo wa nani?

Mama yako akatazama dari. Mimi nikamkumbuka Meneja.

Unamjua mbwa wetu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila anasimamia kila mtu. Ulipoondoka, baba yako alimfundisha kituko kimoja. Jioni anamwambia, "Meneja, kazini!" Mbwa anakimbilia kabatini, anakibeba kile kipulizio cha tarumbeta kwa meno na kumletea. Baba yako anakifuta kwenye shati, huyoo, anapuliza. Na sisi wapumbavu tunapiga makofi.

Wala si hilo tu. Meneja alikuwa na jino bovu, na baba yako, huruma zikimzidi, akawa anamgawia vidonge vyake ndani ya mkate. Wagonjwa wawili, dozi moja! Wema wake ukamponza. Mama wa maabara aliposikia alishika kichwa. Alisema dozi isiyotimia inaua bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja wababe, na dawa ya mtu hapewi mnyama bila daktari wake.

Basi daktari wa mifugo naye akampangusa Meneja mdomoni. Bakteria wa mbwa walikuwa wa aina nyingine kabisa, lakini ndani yao kulikuwa na kitu kilekile kilichokutwa kwa wale wa baba yako. Kinaitwa plazmidi. Ni kipande kidogo cha maelekezo, kimezunguka kama bangili, na cha hawa kilikuwa na maelekezo ya kuishinda dawa. Mimi nilielewa kwa lugha ya cherehani: bakteria anatoa nakala ya karatasi yake ya kukatia gauni, anampa jirani, hata jirani asiye wa ukoo wake, na yeye anabaki na yake. Punde si punde mtaa mzima umevaa mshono mmoja.

Siku ya majibu, daktari wa mifugo naye akiwepo, nikauliza nani alimpa mwenzake, mzee au mbwa. Mama wa maabara akasema hilo hawezi kulijua. Baba yako, shavu limevimba vile, akaruka: "Usimsingizie mbwa wangu!" Tulicheka mpaka daktari wa mifugo akafunga mlango.

Kwa vipimo vile ikapatikana dawa inayowaweza. Daktari wa meno akalipasua jipu, akalisafisha, na safari hii mama yako akasimamia kila kidonge. Mzee anameza, anafungua kinywa, anakaguliwa kama mtoto. Meneja aling'olewa jino lake na akapewa dawa yake mwenyewe.

Leo asubuhi baba yako akalitoa tarumbeta. Kipulizio nilikichemsha mimi. Meneja kuona sanduku tu akakimbilia kabatini, akakuta limefungwa, akatutazama kama tumemfukuza kazi, kisha akarudi na kandambili. Baba yako akaipokea na kumshukuru.

Akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka kama mlango wenye kutu. Ya pili ikanyooka. Halafu, mwanangu, akapiga ule wimbo aliokuwa anakuamshia kwenda shule, wote, bila kukata. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi, anacheza. Meneja anabweka. Nami nikapiga vigelegele hadi jirani akauliza nani anaolewa. Nikamjibu, wa kwetu!

Kitambaa cha gauni lako kilikuwa kabatini muda wote huo, mkono ukikataa kukikata. Mchana huu nimekikata.

Mama yako anakusalimu sana, anasema ule. Msalimu mkwe wetu mtarajiwa, umwambie afanye mazoezi ya kucheza. Meneja anakupa mkono tu, mabusu yake tumeyapiga marufuku. Mungu akulinde njiani na akulete mzima mlangoni petu.

Ni mimi nikupendaye, tena kwa urefu usiopimika kwa futi yangu,

Shangazi yako.

Ngoja, baba yako ameninyang'anya kalamu:

Njoo, mwanangu. Pumzi ipo.