Jiwe la Mheshimiwa Limezama Leo

Alhamisi, Kasongo. Mvua tangu asubuhi, nami nina furaha ambayo sitaki mama mdogo aijue.

Mvua hii nimeingoja kama mtu anayengoja shahidi wake afike mahakamani. Tangu mbunge wetu alipoweka jiwe la kwanza la soko jipya kule bondeni, chini ya msikiti, silali vizuri. Mimi ndiye mpangaji wa mji katika ofisi yetu ndogo, na bonde lile nalijua: maji yote ya kilimani hushukia pale. Nilimpelekea Mheshimiwa ramani mapema kabisa, bonde zima nimelipaka bluu. Akanishukuru, akaisifu rangi, na wiki hiyohiyo akaenda kuweka jiwe lake katikati ya bluu. Tena kwa tarumbeta.

Mimi nilimwona mkaidi. Yeye, nilisikia, aliniona nimetumwa na wapinzani.

Kwangu hili si jambo la karatasi tu. Mama mdogo Zuhura, aliyenilea, anauza unga wa muhogo sokoni. Mvua zilizopita soko la sasa lilijaa maji, na unga wake ukageuka uji huku akiutazama. Wauzaji wote watahamishiwa soko jipya, kwa hiyo kila nikila kwake ananiuliza swali lilelile: huko tunakopelekwa, unga utakaa mkavu? Nami, mwenye diploma ukutani, namjibu kwamba tunalishughulikia.

Basi leo nikampigia simu Mheshimiwa, nikamwomba aje alione jiwe lake. Sikusema kwa nini. Akaja kwa pikipiki, amevaa viatu vyeupe, na aliposhuka akanikabidhi mwavuli nimshikie.

Jiwe halikuonekana. Maji yalikuwa yamepita cheo chake kilichochongwa juu yake, yamepita jina lake, na pale juu bata wa jirani walikuwa wakiogelea bila wasiwasi.

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilipoona anavyowatazama wale bata, yakaniishia mdomoni. Halafu akauliza polepole:

"Mama enjenieri, ile rangi ya bulu, ilikuwa maji?"

Nikamwambia ndiyo, ingekuwa nini tena?

"Mimi nilizani ni rangi ya chama ya wale wengine. Nilizani unanionyesha pahali yenye iko yao. Njo maana nikasema, nitaweka jiwe palepale."

Nilicheka mpaka mwavuli ukammwagia maji shingoni. Kumbe ni ramani yangu iliyomleta bondeni! Nimesoma miaka yote ile, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kura akiona rangi haoni maji, anaona wapinzani.

Nikiwa bado natamba, nikamwonyesha pahali pangu: uwanda wa juu, kwenye barabara ya Kabambare, pakavu mwaka mzima. Nilitegemea sifa. Akatikisa kichwa. Alisema watu wakitoka msikitini wanashuka, hawapandi, na pikipiki zenye mizigo kutoka Wamaza husimama palepale mteremkoni, chini ya msikiti. Kisha akaniuliza kama Zuhura, na magoti yake yale, atapanda kule na gunia kichwani.

Magoti ya mama yangu mdogo. Yeye aliyaona akizunguka kuomba kura. Mimi ninayekula kwake sikuyachora popote.

Niliona haya, nasema kweli. Lakini kuanzia hapo tukaongea kama watu. Tukakubaliana soko liwe mteremkoni, kando ya njia, ila kwanza uchimbwe mfereji wa kuyakata maji ya kilimani na kuyapeleka chini. Aliposikia neno mfereji, akanywea.

"Mutu gani atacheza ngoma sababu ya mufereji? Na jiwe nikilitoa pale, watasema nimekimbia."

Jana ningelidharau swali hilo. Leo nililifikiria kwa makini, kama ninavyofikiria mteremko. Nikamwambia jiwe libaki lilipo. Mfereji utapita jirani yake, na penye mfereji watu wanahitaji daraja la kuvukia. Basi liwe jiwe la kwanza la daraja. Daraja lina utepe wa kukata, lina tarumbeta, na kila anayekwenda sokoni atavuka akisoma jina lake.

Viatu havikuwa vyeupe tena, lakini alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Jioni nikaenda kula kwa mama mdogo. Redio ikaanza, na huyo Mheshimiwa, sauti nzito, anawaeleza wananchi kwamba jiwe lile aliliweka bondeni makusudi, kwa kupima maji. Nikarudisha tonge langu sahanini.

"Huyu mubunge iko na akili," mama mdogo akasema. "Na weye, wakati ule, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namushikia mwavuli, mama."

Akanihurumia, akaniongezea mboga. Kisha akauliza lile swali lake la unga. Nikamjibu kwamba utakaa mkavu. Alinitazama kwa muda, kwa sababu hajazoea kupata jibu kwangu.

Kesho nitaandika pembeni mwa kila ramani, kwa herufi kubwa: BLUU NI MAJI. Hilo ni rahisi. Lakini magoti ya mtu, kwenye ramani, yanachorwa kwa alama gani?