Jiwe la Mama Juu ya Githeri

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechuma chai hadi saa nne, kisha kitabu. Ukurasa ule ule. Kupasha gesi joto shinikizo lisipobadilika, Cp, kunahitaji joto zaidi kuliko ujazo usipobadilika, Cv. Kwa nini? Sijui. Mtihani wa marudio ni Jumanne ya wiki ijayo. Nikianguka tena chuo kinanifukuza, nichume chai hapa Sosiot mpaka nizeeke. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekariri wee, wapi. Mara ya kwanza niliandika kwamba shinikizo lisipobadilika hakuna kinachosogea, kwa hiyo joto kidogo linatosha. Sifuri. Na Baba ameambia kanisa zima limwombee "daktari wetu". Daktari gani? Nasomea ualimu wa kemia! Nimekasirika, sijala.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama amepika githeri, mahindi na maharagwe. Juu ya sufuria karatasi ya nailoni, kifuniko, halafu lile jiwe lake la mtoni ambalo haruhusu mtu aguse. Nimekaa jikoni na kitabu, nimenuna. Kifuniko kikaanza kuinuka, kinapumua, kinashuka. Jiwe linacheza.
"Chebet, usiguse hiyo jiwe!"
Sikugusa. Nilitazama tu. Jiwe ni lile lile, uzito ule ule. Shinikizo halijabadilika, na bado kitu kinasogea! Mimi miaka yote nikidhani shinikizo lisilobadilika ni sufuria iliyofungwa kabisa. Kumbe iliyofungwa kabisa ndiyo Cv: hakuna kinachosogea, joto lote linabaki ndani kupandisha jotoridi. Ya jiwe ndiyo Cp: gesi inatanuka, na sehemu ya joto inaishia kuinua jiwe na kusukuma hewa ya nje. Lazima uongeze kuni! Najua, maji yanayochemka yana mambo yake mengine. Lakini nimeona.
Nilipiga kelele. Mama akadhani nimeungua.

Jumanne, 12 Agosti
Swali la pili: eleza kwa nini Cp ni kubwa kuliko Cv. Aki ya Mungu. Nilicheka hadi msimamizi akanikodolea macho. Nikachora silinda, pistoni, na uzito juu yake.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimepita. Nimelia kidogo nyuma ya zizi, basi. Baba amepigia mchungaji simu. Mama hakuuliza Cp ni nini, aliuliza kama nimekula.
Mvua inanyesha. Jioni hii amefunika githeri, kisha akanipa jiwe niliweke mwenyewe. Nimeliweka polepole. Haijaiva bado. Nasubiri tu.