Nani Aliwamiminia Chai

Jumatano, Nyeri. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika siku ya tatu sasa, na mimi siwezi kutulia. Jikoni nimefagia mara mbili.

Leo nilikuwa kwenye mahojiano. Kampuni yetu ya maji inatafuta injinia mkuu, na mabomba yote kutoka msituni hadi mjini Chaka nayajua kama njia ya kwenda kwa mamangu. Miaka tisa nimeyakanyagia matope. Kazi hii naitaka, wacha nisiseme uongo. Naitaka sana.

Mezani walikuwa wazee watano. Saa nne kamili chupa ya chai ikaletwa, ikawekwa katikati, kama kawaida ya kila mkutano huku kwetu. Wakanyamaza. Hakuna aliyeniambia kitu, aki. Nikainuka mwenyewe, nikawamiminia mmoja baada ya mwingine, nikauliza ni nani hatumii sukari.

Mimi! Na mchoro wa bomba jipya kwapani!

Niliporudi kukaa, mwenyekiti akakoroga chai yake, akaniuliza, "Sasa Mama Wanja, bomba ikipasuka huko msitu, mzee ya nyumbani atakubali utoke?"

Ningemwambia kwamba bomba lililopasuka mwezi uliopita nililiziba mimi, nikiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Badala yake nikatabasamu. "Atakubali, mzee." Atakubali! Ati Baba Wanja ndiye aliyeomba kazi.

Baada yangu aliingia Kariuki. Ni mwenzangu mzuri, sina neno naye. Kusoma ramani nilimfundisha mimi. Alipotoka nikamuuliza walimuuliza nini. Pampu, akasema, na presha ya maji. Na chai je? Akashangaa. "Si mwenyekiti mwenyewe alinimiminia."

Nimekasirika hadi sasa, na sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au hii mikono yangu. Mama alinifundisha kwamba mgeni hakai bila kikombe. Alinilea vizuri, labda vizuri kupita kiasi.

Kesho tunarudi mmoja mmoja kueleza mchoro, halafu wachague. Mimi nimepangiwa saa nne, woi, saa ileile ya chai.

Chupa italetwa, itawekwa katikati, na wao watanyamaza. Nitaweza kweli? Ikibidi nitaikalia hii mikono. Nitaanza na presha ya maji, na chai ipoe.